Gereji Mwanza: maswali mnayoniuliza kila siku, kuanzia kumwaga oili mpaka kuuza gereji na kustaafu

Mwangaluka wote. Haya ni maswali ambayo wateja, mafundi wachanga na siku hizi hata wazee wenzangu wenye gereji wananiuliza, wengine wanapiga saa nne usiku gari ikiwa imelala Misungwi. Gereji yangu ipo Nyakato, ni ya kawaida tu, gari ndogo, hiace na pikapu za kubeba samaki, kwahiyo majibu ni ya gereji ya saizi hiyo, mwenye malori ya mgodini Geita atafute fundi wa saizi yake. Nimeanza na gari, afu biashara, afu kuuza, na hilo la kuuza ndo kila mtu analikimbia.

Nimwage oili kila kilomita ngapi?

Oili ya kawaida 5,000. Ya sintetiki kamili inaweza kwenda zaidi kama gari yako ni ya safari ndefu, lakini gari inayoshinda foleni ya Buzuruga na kupanda Bugando kila siku injini inazunguka masaa mengi kuliko kilomita zinavyoonyesha, hapo mi siongezi. IST, Vitz na Probox zenye injini ya 1NZ zinakula lita 3.7 ukibadilisha na filta, kwahiyo dumu la lita 4 lazima libaki kidogo, ukiona fundi kamimina lote ati isibaki muulize kapima na nini. Oili ikizidi nayo ni tatizo, inapigwa povu huko chini na povu halilainishi kitu.

Na ile ya kuweka 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 kwa sababu "nzito inalinda", hapana. Tundu za oili kwenye hizo injini ni nyembamba, asubuhi ukiwasha nzito inachelewa kufika juu. Injini iliyochoka inayokula oili ni habari nyingine, hapo mnakaa na fundi mnaongea.

Gari inachemsha nikipanda kilima, nikifika tambarare inapoa. Ni rejeta?

Inaweza kuwa rejeta, lakini kabla hujatoa hela ya rejeta angalia kifuniko chake. Watu wengi hawajui kifuniko kina kazi. Mwanza tupo juu kidogo, ziwa lenyewe lipo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji ya kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki 100. Kwenye injini kinachofanya yasichemke mapema ni presha, na presha inazuiwa na kifuniko. Kwenye vifuniko vingi utaona imeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha yake. Kikiwa kizima maji yanavumilia mpaka 115 au 120, kikiwa kimekufa yanaanza kuchemka kwenye 96 hiyo hiyo na ukibana gia ya kupanda Nyakabungo ndo unaona mshale unapanda.

Subiri injini ipoe kabisa, nasema kabisa, watu wameungua uso. Fungua kifuniko, kigeuze, angalia mpira wa chini. Ukiwa mgumu au umepasuka pembeni au ile springi inabonyea bila ubishi, kibadilishe kwa chenye namba ile ile, usiweke cha namba kubwa ukidhani umeboresha, utapasua mipira. Baada ya hapo ndo uangalie feni kama inawaka, mapezi ya rejeta kama yamejaa vumbi na wadudu (ukitoka safari ya Magu usiku wale wadudu wa ziwani wanaziba mbele yote), afu ndo rejeta ndani.

Kuhusu maji, acheni kuweka maji ya ziwa au ya bomba mwaka mzima. Yanaleta kutu na magamba, na mtu akija na gari ya miaka miwili ya maji matupu ukifungua mfuniko yanatoka mekundu. Weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta. Na ukifungua kifuniko cha kumiminia oili ukakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, zima gari, usiiwashe tena hata kuipeleka gereji, ivutwe. Hapo maji na oili vimekutana, mara nyingi gasketi ya silinda hedi, na kila dakika unayoendesha unaisogelea ovahoo, yaani injini kufunguliwa yote.

Fundi kanitolea thamostati akasema huku kwetu joto haihitajiki.

Mwambie airudishe. Thamostati ni kile kimlango kinachoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata joto. Bila thamostati injini inachelewa kufika joto lake, inakula mafuta na oili inachafuka haraka. Thamostati ikifa inabadilishwa, haitolewi ikatupwa.

Taa ya chek injini imewaka, mmoja kanipima na simu akasema masega.

Masega ni kile kisafisha moshi kwenye ekzosti. Kama kifaa kimeonyesha P0420 basi gari inasema masega hayafanyi kazi inavyotakiwa, ila gari haijasema masega yamekufa. Inaweza kuwa sensa ya oksijeni, inaweza kuwa ekzosti inavujisha sehemu. Ipime kwa mtu anayejua kusoma sensa zikiwa zinafanya kazi, sio kusoma namba tu na kufuta.

Afu kuna lingine ambalo mafundi wenzangu hawatapenda niliseme. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, kuna watu wanazunguka wanayanunua, na kuna gereji gari inaingia na masega inatoka na bomba tupu lililochomelewa vizuri kabisa. Mteja anakuja kugundua baada ya wiki taa ikiwaka na sauti imebadilika. Ukiacha gari gereji kwa siku mbili tatu piga picha chini, piga picha ya injini, piga picha ya dashibodi ionyeshe kilomita na mafuta. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mimi nazipiga mwenyewe mbele ya mteja na kumtumia WhatsApp hapo hapo, inanilinda na mimi pia maana kuna wateja nao wanakuja kudai redio ambayo haikuwepo.

Gari yangu ni ya beti au cheni?

Beti ni mkanda wa mpira, cheni ni ya chuma, kazi ni moja, kufungua valvu kwa kufuatana na pistoni. Angalia jina la injini: 1NZ, 2NZ, 1AZ, 2AZ na hiace ya petroli ya 2TR ni cheni. 3S za Noah za zamani, hiace ya dizeli ya 5L, 1KZ na Forester za EJ20 ni beti. Beti badilisha kwenye kilomita 100,000 na kama umenunua gari iliyotumika huna karatasi inayoonyesha lilibadilishwa lini, hesabu halijabadilishwa. 3S ya kawaida likikatika inazima tu unavutwa, ila EJ20 na dizeli valvu zinagongana na pistoni na bili yake utaitafutia mkopo. Ukibadilisha beti badilisha na pampu ya maji kama inazungushwa na hilo hilo beti, hela ya ufundi ni ile ile.

Matairi ya gari iliyotoka Japani naweza kuendelea nayo?

Angalia tarakimu nne za mwisho pembeni ya tairi baada ya herufi za DOT. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata nzuri isikudanganye, mpira unazeeka hata ukiwa umesimama.

Spea mpya au used OG?

Mimi kwa vitu vingi vya chuma nachukua used OG, yaani orijino iliyotumika, kuliko mpya feki: alteneta, stata, hab, giaboksi. Kwa vitu vya kuisha sichukui used kabisa: breki pedi, beti, bushi, boljointi, filta. Plagi za iridiamu ndo zinafojiwa sana, ukiona bei ni robo ya bei ya kawaida jua ni plagi ya kawaida imevalishwa jina.

Kwa nini fundi huyu kasema laki mbili na yule laki na ishirini kwa kazi ile ile?

Kwa sababu ya cha juu. Fundi anakutajia hela ya ufundi ndogo ili usikimbie afu anajilipia kwenye spea, pedi za elfu 45 anakuambia 70, duka linampa risiti anayotaka yeye. Mimi siwalaumu sana maana mteja wa Mwanza atabishana nusu saa kwenye hela ya ufundi lakini bei ya spea haulizi. Lakini ndo inaua gereji, siku mteja akipita dukani mwenyewe akajua bei umempoteza yeye na shemeji yake na ofisi yake yote.

Dawa ni kuandika mistari miwili. Spea bei ya duka na risiti yake, chini yake hela ya ufundi iliyo halali, na kama umezunguka mjini kutafuta kitu andika usumbufu wa kutafuta spea, weka bei, mteja aione. Mwanzoni watalalamika, wengine watakwenda kijiwe cha jirani. Wanaorudi wanakaa.

Mimi ni fundi wa kijiweni, sina cheti, naweza kufungua yangu?

Unaweza, na cheti kinapatikana. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunzia kazini, wanakupima unachokijua, wanakuongezea unachopungukiwa, unapata cheti bila kukaa darasani miaka. VETA Mwanza wapo huku huku Nyakato, nenda ukaulize. Cheti kinakusaidia siku unapoomba kazi za taasisi, maana shule au halmashauri haiwezi kukupa magari yake kwa maneno matupu.

Vifaa usikimbilie lifti na kompyuta kubwa. Jeki nzuri na stendi zake nne (usilale chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake, nasema kwa vijana wote wanaosoma hapa), seti kamili ya spana na soketi, toki renchi, multimita, kifaa cha kusoma kodi za chek injini. Hivyo vinakulisha mwaka wa kwanza. Kama ni kijana au mwanamke mpo kikundi, ulizeni maafisa maendeleo ya jamii kuhusu mkopo wa halmashauri wa ile asilimia 10, yaani 4 vijana, 4 wanawake, 2 wenye ulemavu.

Vibali gani?

TIN ya TRA, haina malipo. Jina la biashara BRELA, wale wa kusajili biashara, unasajili mtandaoni. Leseni ya biashara, ukiwa Nyakato upande wetu ni Manispaa ya Ilemela, ukiwa upande wa Nyamagana ni Jiji, ulizia vizuri maana kuna mitaa mipaka inachanganya. Zimamoto watakuja, weka mitungi ya kuzimia moto kabla hawajafika sio baada. OSHA, watu wa usalama kazini, nao wanataka eneo la kazi lisajiliwe. Mashine ya EFD toa risiti tu, usianze kucheza nayo. VAT haikuhusu mpaka mauzo yavuke milioni 200 kwa mwaka.

Nimepata eneo zuri karibu na maji, bei rahisi.

Bei rahisi ina sababu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani au kingo za mto, kwahiyo hata ule uwazi pembeni ya Mirongo unaouona unapendeza sio wako. Na gereji ni oili chafu. Hapa ndo nakuwa mkali. Mto Mirongo unapita katikati ya mji unaingia ziwani, na ziwa hilo ndo tunakunywa. Oili chafu weka kwenye pipa lenye mfuniko, juu ya sakafu ya zege, chini ya paa, uza kwa wakusanyaji wenye kibali cha NEMC, lile baraza la mazingira. Usimwage mtaroni, usimpe mtu akapake nguzo za uzio, usiuze kwa wa kuchomea matofali. Filta zigeuzwe zichuruzike usiku mzima kabla ya kutupwa.

Daraja limebadilisha chochote?

Limebadilisha sana. Daraja la JP Magufuli pale Kigongo na Busisi, kama kilomita 3, lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 foleni ya kivuko ilikufa. Zamani mtu wa Sengerema gari ikisumbua anafanyiwa huko huko kwa kubahatisha kwa sababu hakuwa na hakika ya kurudi siku hiyo hiyo. Sasa anakuja asubuhi, anarudi jioni. Ila kumbuka barabara ni ya pande mbili, na wateja wa Usagara nao wanaweza kuvuka kwenda kwa fundi mzuri wa ng'ambo.

Nikifungua naweza kufanya na mashine za mitumbwi?

Kama upo karibu na Kirumba mwaloni, Igombe au Kayenze ni hela nzuri na inaingia taslimu. Ila ni ufundi mwingine, usidhani umejua gari umejua yote. Zile Yamaha za viharusi viwili zinachanganywa oili na petroli, lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na iwe oili yake ya mashine za majini sio oili ya gari. Nyingi zinazoletwa zimekufa pampu ya maji, kile kipangaboi cha mpira kimesagika kwa mchanga kwa sababu mtu anawasha mashine huku mtumbwi umekwama ufukweni. Kumbuka pia mvuvi akiharibikiwa katikati ya maji hana pa kusukuma pembeni. Ukimrudishia mashine ya kubahatisha umefanya jambo baya kuliko la gari.

Mali kauli nifanyeje?

Usifanye. Sawa, utafanya, maana mteja ni jirani, ni mjumbe, ni shemeji. Basi weka sheria: spea analipa kabla hujazinunua, kinachobaki deni ni hela yako ya ufundi tu. Hapo akipotea umepoteza jasho, hujapoteza mtaji. Mwenye hiace anayelipa kwa hesabu ya kila siku mwekee siku ya wiki, mfano Jumatatu, asikwambie "nikipata".

Gari imeachwa uwanjani miezi, mwenyewe hapokei simu, naruhusiwa kuiuza?

Hapana. Kama umeifanyia kazi, sheria ya mikataba inakupa haki ya kuizuia mpaka ulipwe, lakini kuzuia sio kuuza. Mwandikie barua, peleka nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi ili siku ikija kuonekana ni gari ya wizi uwe ulishasema, afu nenda mahakamani upate amri. Tangu siku ya kwanza kwenye karatasi ya kupokea gari andika kwamba ikikaa siku kadhaa baada ya kukamilika inaanza kulipiwa maegesho, na mteja asaini. Bila hiyo karatasi huna pa kuanzia.

Vijana wangu wanawafuata wateja majumbani.

Kila gereji. Hulizuii kwa kugombeza. Kijana anayelipwa kwa kazi siku moja moja bila mkataba hana cha kupoteza, kwahiyo anachukua namba ya mteja Jumamosi na Jumapili yupo kwake na spana zako. Wale wawili watatu unaowategemea wape mkataba, wapeleke NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), wape asilimia ya kazi wanayoileta. Saidia fundi mpe nauli na chakula kila siku hata kama kazi hamna. Na kazi ya pembeni mruhusu kwa masharti, akupe taarifa na vifaa vya gereji visitoke, kuliko kumkataza afanye kwa kificho.

Daftari la nini wakati kila kitu kipo kwenye simu?

Hili jibu ni refu kwa sababu ndo linabeba yote ya chini. Simu inaibiwa, inaingia maji, na mambo yake ni yako peke yako. Mimi nina daftari kubwa jeusi, kila gari ina ukurasa wake, juu namba ya gari, aina ya injini, jina la mteja na simu. Chini tarehe, kilomita, kilichofanyika, spea gani na duka gani, nani kafanya, kalipa ngapi, kabakiza ngapi. Mstari wa mwisho naandika nilichokiona lakini sikukigusa, mfano "bushi za mbele zimeanza, aje kwenye 142,000".

Huo mstari wa mwisho ndo unaingiza hela. Jioni nafungua nampigia mtu, "kaka ile bushi vipi, umeshafika 142", anashangaa umekumbuka. Sijakumbuka, nimesoma. Siku hizi binti yangu anaingiza kwenye kompyuta kila Jumamosi, sawa, lakini daftari linabaki gereji. Na siku fundi akiumwa mwingine anafungua ukurasa anaendelea alipoishia mwenzake bila kukupigia.

Hivi gereji inauzika kweli? Si ni spana na uwanja wa kupanga?

Kama wateja wanafuata mikono yako tu, ni spana na uwanja wa kupanga, utauza kwa bei ya chuma. Mnunuzi anatoa kilemba, yaani hela ya jina na wateja juu ya bei ya vifaa, pale anapoona kazi itaendelea kuja wewe ukiwa haupo. Jipime: kaa nyumbani mwezi mzima, simu ya gereji mwachie mtu mwingine, afu uangalie hesabu. Ikishuka nusu, huna cha kuuza bado, anza kuwatanguliza vijana wako mbele ya wateja, waongee wao bei, wakabidhi wao gari. Hiyo kazi inachukua miaka, kwahiyo mwenye miaka 55 aanze leo asisubiri 60 magoti yameshakataa kuinama.

Bei napangaje?

Vitu vitatu. Vifaa, kwa bei ambayo mtu angevinunua leo vikiwa vimetumika, sio ulivyonunua wewe. Spea za dukani, zile zinazotoka tu, boljointi ya gari ambayo haipo tena barabarani ihesabu sifuri. Afu kilemba.

Kilemba ndo watu wanapigana. Mzee anakuja anasema gereji inaingiza milioni 2 kwa mwezi. Muulize, hapo umejilipa? Hajajilipa. Sasa mnunuzi akiweka msimamizi wa laki 7, na kodi ya pango iongezwe, faida halisi labda ni milioni 1. Mimi naona kilemba cha haki ni faida hiyo halisi ya miezi sita mpaka mwaka, karibu na mwaka kama daftari lipo na vijana wanabaki, karibu na sifuri kama hakuna maandishi. Tuseme vifaa milioni 8, spea milioni 2, faida halisi milioni 1, daftari zuri, unaongelea milioni 16 mpaka 22. Kama kiwanja ni chako, kiuze kando au kipangishe, usikichanganye na gereji kwenye bei moja, na mwenza wako asaini.

Mwanangu hataki gereji.

Usimlazimishe. Mtoto aliyelazimishwa ataiua kwa miezi michache na mtaacha kuongea. Muuzie mwingine, mpe mwanao sehemu ya hela afanye lake.

Nimuuzie fundi wangu kwa mafungu?

Kwa maoni yangu huyo ndo mnunuzi bora, wateja wanamjua, vifaa anavijua, hatakubishia. Tatizo hana hela yote. Achukue kwa mafungu, lakini uchukue kianzio cha maana, angalau theluthi, muandikishane kwa wakili na sio kwa mjumbe peke yake, orodha ya vifaa yenye namba za mashine iambatanishwe, na muandike kwamba vifaa vikubwa vinabaki mali yako mpaka fungu la mwisho. Fungu liwe la mwezi, liingie benki sio mkononi. Andika na nini kitatokea akikosa miezi miwili mfululizo, mtaje kabisa, maana aibu ya kuuliza baadaye kati ya fundi na mzee wake ndo inayozika madeni.

Na wewe muuzaji utasaini hufungui gereji nyingine Nyakato kwa muda mtakaokubaliana. Ni haki yake.

Makaratasi ya siku ya kukabidhi?

Mwenye uwanja ndo wa kwanza, aje mezani mapema, maana mkataba wa pango ni wako na mnunuzi akilipa kilemba afu kesho mwenye uwanja apandishe kodi mara mbili utatafutwa wewe. Leseni yako haihami, mnunuzi akate yake. Mashine ya EFD imefungwa kwenye TIN yako, haiachwi. TRA waandikie kwamba umefunga, peleka ritani ya mwisho, la sivyo makadirio yanaendelea kuja mpaka ukiwa kijijini unalima mpunga. Jina la BRELA mabadiliko yafanyike huko huko BRELA. Lipa namba, ile ya kupokelea malipo kwa simu, ifunge. Laini ya simu iliyoandikwa kwenye bango kumbuka imesajiliwa kwa kidole chako, usimwachie tu, nendeni kwa wakala mkabadilishe usajili.

NSSF mimi mwenye gereji nahusika?

Ndiyo, wanapokea waliojiajiri. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, na pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15. Mwenye miaka 45 ndo mstari huo, akichelewa zaidi hesabu inakataa. Usitegemee hela ya kuuza gereji peke yake, inaingia kwa mafungu na inaliwa kwa mafungu.

Gari zilizopo uwanjani siku ya kukabidhi ni za nani?

Zigaweni kwa maandishi, moja moja, kwa namba. Iliyokamilika haijalipwa, deni ni la muuzaji. Iliyofunguliwa katikati, mnunuzi anaimalizia na hela inagawanywa mlivyokubaliana. Na kazi uliyotoa uhakika wa miezi mitatu wiki iliyopita, ikirudi nani anairekebisha? Mimi nimeona bora muuzaji aache kiasi kidogo kwa mnunuzi kwa ajili hiyo, kinachobaki baada ya miezi mitatu arudishiwe.

Nikishauza wateja wakiendelea kunipigia?

Watapiga, hasa wa zamani, hasa usiku. Miezi mitatu ya kwanza pokea, msikilize, afu mwambie "nakupa kijana, ana ukurasa wa gari yako mbele yake", na umpigie huyo kijana wewe mwenyewe mbele ya mteja. Usiende kuangalia gari hata kama ipo jirani na kwako. Ukienda mara moja tu, kesho wapo wawili getini na yule uliyemuuzia atasikia kabla hujamaliza kunawa mikono.